Kidole cha Pili

4 Machi

Fundi,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Karatasi haikatizwi. Utaisoma mpaka mwisho, au utaichana. Ukiichana nitaandika nyingine.

Nimesimamishwa kazi. Najua unajua, maana taarifa iliyonisimamisha ina saini yako. Nilisomewa nikiwa nimesimama mbele ya mganga mkuu na kamati ya nidhamu, mimi niliyewafundisha wawili kati yao kuchoma sindano. Umeandika kwamba Jumapili ile, mchana, faili la mgonjwa aliyekuwa amelazwa wodini kwangu lilifunguliwa kwenye kompyuta ya meza yangu, kwa kidole changu. Kisha ukaongeza: "Hakuna mtu mwingine awezaye kufungua kwa jina la muuguzi huyu." Nakubali kwamba taarifa ya kazi haiandikwi "dada yangu". Lakini ungeniuliza kabla ya kuiandika.

Nalo faili ni la nani? Ni la yule binti mshonaji, mchumba wa mwanao. Kwa hiyo kamati ina hadithi iliyokamilika: shangazi wa bwana harusi kachungulia faili la bibi harusi, kapeleka habari nyumbani, uchumba umevunjika. Binti mwenyewe ameleta malalamiko kwa maandishi. Ningekuwa kwenye kamati hiyo, hata mimi ningeamini.

Ila sikulifungua. Nilimhudumia binti yule baada ya upasuaji. Hali yake niliijua bila kuhitaji faili, na sikumwambia mtu. Si wewe, si wifi, si mwanao. Jumapili hiyo ulikuwepo hospitalini ukikagua mashine zako za vidole. Tulikunywa chai pamoja, ukanitania kwamba nimezeeka. Uliniona nikiitwa chumba cha upasuaji, nikaiacha meza yangu. Mbona hilo hukuliandika?

Kamati itaketi tarehe 2 Aprili. Ikinitia hatiani, ninafutwa kwenye orodha ya wauguzi, na nitakwenda kaburini na jina la mtoboa siri za wagonjwa. Swali langu ni moja: mashine yako inawezaje kusema nilifanya jambo ambalo sikulifanya? Jibu hilo. Salamu za watoto zitasubiri.

Dada yako


9 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka mwisho, kama ulivyoamuru. Ukali wako haujapungua hata kidogo. Wifi yako aliponiona uso akauliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, ni dada kaandika.

Sasa nisikilize na mimi. Taarifa ile niliiandika kama fundi. Angeiandika mtu mwingine ingekuwa hivyo hivyo, pengine kali zaidi. Unakumbuka mlivyokuwa mkiishi kabla sijaleta mashine? Wodi nzima nenosiri moja, limeandikwa kwenye plasta na kubandikwa chini ya meza. Mtu yeyote angesoma habari za mgonjwa yeyote, na asijulikane. Mimi ndiye niliyeondoa aibu hiyo. Nenosiri hutajwa, hukisiwa, huibwa. Kidole kimeota mkononi mwako. Ndiyo maana tulibandika yale maandishi kwenye kila mlango: KIDOLE HAKIAZIMWI.

Kwa hiyo, dada, mashine ikisema ni wewe, ni wewe. Sisemi una nia mbaya. Umechoka. Unafungua mafaili mengi kwa siku, hili moja limekupotea. Ushauri wangu kama mdogo wako: kubali. Waambie ulifungua kwa sababu za kazi, ukapitiwa, neno likakuponyoka. Nimeshaongea na mganga mkuu, hana kinyongo. Watakupa onyo, utastaafu taratibu, na keki watakukatia.

Mambo ya uchumba yaache. Vijana hukutana, huachana. Usilivute jina la nyumba yetu mbele ya kamati. Na mimi hapa nimebanwa: hospitali nyingine tatu zinataka mashine hizi hizi, na kila siku wananiuliza kuhusu hiyo kesi yenu. Nielewe.

Mdogo wako,
Fundi


13 Machi

Fundi,

Nilikuuliza swali moja. Umenijibu mambo kumi, na hilo halimo.

Unaniambia nikubali kwamba nilitoa siri ya mgonjwa, kisha nikale keki. Mimi nilikubeba mgongoni. Nilipokwenda chuo cha uuguzi ulilia mpaka ukapandwa na homa. Jina hili la Fundi nilikupa mimi, siku ulipoifungua redio ya baba ukashindwa kuifunga, na kipigo nikakipokea mimi. Leo unataka nipokee kingine. Tofauti ni kwamba redio ile nilijua nani aliyeifungua.

Kuhusu plasta chini ya meza, unasema kweli, na ilikuwa aibu. Lakini nenosiri lile lilipojulikana, tulilibadilisha siku hiyo hiyo. Mashine yako ikinisingizia, nibadilishe nini? Nikate mkono?

Unasema mashine ikisema ni mimi, basi ni mimi. Nina miaka hamsini na minane ya kuwa mimi. Mashine yako haijafikisha miwili. Mmoja wetu anamfahamu muuguzi huyu zaidi.

Nimemwandikia yule binti. Kama yupo mtu anayestahili kusikia kutoka kwangu mwenyewe kwamba sikumsaliti, ni yeye. Wewe endelea na hospitali zako tatu.

Dada yako


17 Machi

Kwa Muuguzi,

Nimepata barua yako. Sikutaka kujibu. Mama ndiye aliyesema nijibu, usije ukadhani nimesahau.

Unasema hukusema. Basi nikukumbushe uliyoyasema. Nilipozinduka baada ya upasuaji, daktari alikuja akaniambia kwamba uvimbe ulikuwa mkubwa na mfuko wa uzazi umeondolewa, akaenda zake. Ukabaki wewe. Ulivuta kiti, ukanishika mkono, ukasema: "Binti, habari hii ni yako. Utamwambia umtakaye, siku utakayotaka wewe, na hakuna atakayekutangulia." Maneno hayo ndiyo yaliyoniinua kitandani. Na siku nilikuwa nimeshaichagua. Nilitaka nimwambie mchumba wangu mwenyewe, tukiwa wawili, kabla sijakata kitambaa cha gauni.

Nikaitwa kwao. Nilidhani tunapanga tarehe ya harusi. Nikakuta sebule imejaa watu, mpaka wajomba nisiowafahamu. Baba yake akakohoa, akasema, "Binti yangu, sisi hatuna ugomvi na wewe. Ila ungetuambia mapema kwamba huwezi kuzaa." Mama akauliza, "Kawaambieni nani?" Akajibu bila kuona haya: "Shangazi yake ndiye msimamizi wa wodi ile. Kaniambia kwa mdomo wake." Mchumba wangu alikuwa ameketi pembeni anakwaruza kochi kwa ukucha. Hakuinua uso.

Mama alijua nimetolewa uvimbe. Hilo la pili alilisikia pale, kikombe cha watu kikiwa mkononi.

Kwa hiyo usiniandikie habari za mashine. Sijui vidole vyenu vinafanyaje kazi. Najua ulinishika mkono.

Mshonaji


20 Machi

Binti yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimeketi.

Ndugu yangu amewaambia kwamba nilimweleza kwa mdomo wangu. Sikumweleza. Siku uliyolazwa aliniuliza unaumwa nini, nikamwambia akuulize mwenyewe. Basi alijua kwa njia nyingine, na njia hiyo akaificha nyuma ya mdomo wangu. Mpaka barua yako ilipofika nilikuwa nikigombana na mashine. Sasa najua ninagombana na nani.

Nimekwenda kwa mganga mkuu nikamwomba anionyeshe nimesajiliwaje. Mashine ile haimsajili mtu kwa kidole kimoja. Hudai viwili, ili kimoja kikiumia kingine kifanye kazi. Kwenye jina langu imeandikwa kidole cha shahada na kidole gumba, vyote vya kulia. Nikagusa kwa kidole cha shahada, taa ikawaka kijani. Nikagusa kwa kidole gumba. Nyekundu. Nikakiosha, nikakikausha, nikarudia. Nyekundu.

Ndipo nilipokumbuka. Wiki ya usajili kidole gumba changu kilikuwa ndani ya bandeji. Nilikiunguza kwenye mashine ya kutakasia vifaa, na kovu lake ulishaliona. Wauguzi walikuwa wamepanga foleni, wakubwa wanasubiriwa kuja kuzindua, ndugu yangu jasho linamtiririka. Nilisajili kidole cha shahada. Akaniambia, "Nenda kwa wagonjwa wako, dada, nitamalizia." Nilipopita tena akasema tayari. Sikumuuliza amemalizia kwa kidole cha nani.

Mashine haihifadhi picha ya kidole. Huhifadhi tarakimu, na hata ukizitazama mchana kutwa huwezi kujua ni za nani, mpaka kidole chenyewe kiguse. Na uwezo wa kufuta anao yeye peke yake, kwa kompyuta yake, huko huko aliko. Akijua tunajua, ushahidi utakuwa umefutika kabla hajaikunja barua. Mganga mkuu anajua, mimi najua, na sasa wewe.

Kamati inaketi tarehe 2 Aprili. Njoo na mama yako. Usiniamini kwa maneno. Uliyaamini mara moja, na umeona yaliyokupata. Njoo uiangalie taa.

Muuguzi wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Hasira zimepoa. Nimekaa nyumbani nimefikiri, na naona nilikuandikia kwa ukali usiostahili. Umri huu unachosha. Huenda ni kweli kwamba mtu husahau.

Naona niende mbele ya kamati nikayamalize, kama ulivyonishauri. Ila nina ombi. Sitaki kusimama peke yangu. Wanakamati wawili bado wananong'ona kwamba mashine ina kasoro. Ukija ukawaonyesha inavyofanya kazi, mbele ya macho yao, maneno yatakwisha, na hospitali zako tatu zitasikia. Mganga mkuu atakuandikia mwaliko. Hakuna awezaye kuieleza kama wewe.

Chumba chako nimekitandika. Nitakupikia. Msalimie wifi.

Dada yako akupendaye


26 Machi

Dada, shikamoo tena na tena.

Sikufichi, barua yako imenitoa machozi. Nilimwambia wifi yako, unaona, dada ana kichwa kigumu lakini mwisho wa yote ana busara. Naye akasema wewe na mimi tumetoka chungu kimoja, tofauti ni kwamba mimi nilitolewa mapema. Tumecheka sana.

Nitakuja, bila shaka. Hao wawili wanaonong'ona waje waguse wenyewe kwa jina lako, waone taa nyekundu mpaka wachoke. Kisha utagusa wewe, itawaka kijani, jina lako litatokea, nami nitawauliza: mnaona? Hapo utasema maneno yako machache ya kukubali, na biashara imekwisha. Mimi nitakuwa kando yako nimekushika mkono.

Usivae sare siku hiyo. Vaa nguo ya kawaida, utaonekana mnyenyekevu.

Mdogo wako,
Fundi


4 Aprili

Dada,

Sijui nianze na shikamoo au niache.

Ulinipikia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ulinipikia, ukaniuliza kama chumvi imekolea, na asubuhi ukanisindikiza mpaka hospitalini umenibebea mkoba. Ulikuwa umevaa sare. Nilipoiona ilinipasa kujua.

Nilieleza na kueleza, na wewe unaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Wale wawili wakagusa, nyekundu. Wewe ukagusa, kijani. Ndipo uliposema, kwa ile sauti yako ya wodini, "Sasa wewe, Fundi. Kidole gumba." Ningekataaje? Kamati nzima inanitazama, yule binti na mama yake wameketi nyuma, nami nimekwisha kusema mbele ya wote kwamba mashine haikosei. Nikaweka cha kushoto. Ukasema, "Cha kulia, mwanangu," kama vile unanivalisha shati. Jina lako likatokea kwenye skrini kwa herufi kubwa.

Ungeshindwa nini kuniita pembeni? Sisi ni watoto wa mama mmoja. Siku ya usajili sikuwa na nia mbaya. Wakubwa walikuwa wameshafika getini, mashine inadai kidole cha pili, chako kimefungwa. Nikaweka changu ili taa iwake, nikasema nitarudi kubadilisha. Kazi zikanizidi. Na Jumapili ile niliketi kwenye meza yako nikikusubiri tu, kompyuta iko mbele yangu. Mimi ni baba. Nina mtoto mmoja wa kiume. Nilikuuliza binti anaumwa nini, ukanijibu nimuulize mwenyewe, kana kwamba mimi ni mpita njia. Ungenijibu kama ndugu, nisingegusa kitu. Lakini wewe hukuzaa, huwezi kujua mzazi anavyohangaika.

Mkataba umevunjwa. Hospitali zote tatu zimejitoa. Mwanangu anakula chumbani kwake, hasemi na mimi. Umeridhika?

Fundi


9 Aprili

Fundi,

Ndiyo, nilikupikia. Wewe ulikunywa chai yangu, ukakalia kiti changu, ukaingia kwa jina langu, ukaitangaza siri ya mgonjwa wangu mbele ya wajomba, kisha ukaandika kwamba ni mimi. Na chumvi ilikuwa imekolea?

Unasema ningekuita pembeni. Nilikuita. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na swali moja. Ungelijibu, ningekutukana, ningelia, halafu tungekwenda pamoja kwa mganga mkuu, na huenda mkataba wako ungepona. Ulinijibu kwa keki. Ulikuwa tayari nizikwe na uongo wako ili uuze mashine, na ukaniagiza na nguo ya kuvaa.

Unasema sikuzaa. Ni kweli. Nilipoondolewa mfuko wa uzazi ulikuwa bado mwanafunzi, unaniandikia nikutumie soksi za shule. Ulikuja kunitazama wodini, ukala matunda yangu, ukaondoka. Hakuna muuguzi aliyekuambia. Mama nilimwambia siku niliyoichagua mimi, na alikufa nayo. Leo nimechagua siku ya kukuambia wewe. Unaona inavyofanyika: mwenye habari ndiye anayefungua mdomo.

Nimerudishwa kazini. Kidole chako kimefutwa kwenye jina langu, na mganga mkuu alikuwepo kushuhudia. Kidole gumba changu nimekisajili mwenyewe, nimesimama pale pale mpaka mwisho, foleni ikinung'unika nyuma yangu. Sina ugomvi na mashine. Ilieleza ilichofundishwa, na aliyeifundisha ni wewe.

Binti alikuja wodini juzi. Mwanao alikuwa amemfuata mpaka getini kumwomba msamaha. Akamwambia, "Siku ile pia ulikuwa na mdomo," akapita. Kile kitambaa cha gauni amemshonea mama yake nguo. Alinishika mkono. Siri yake sasa iko kwenye vinywa vya watu ambao hata majina yao hayajui, na hakuna fundi wa kuifuta huko. Hilo litakapokusumbua, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, na usitegemee kujibiwa.

Nyumbani kwangu hakuna mashine. Siku utakapokuja, bisha hodi na usimame nje. Nitauliza ni nani. Utajibu kwa jina lako mwenyewe, kisha nitaona kama ninafungua.

Dada